Sakafu ya trela barafu tupu: tuitafute baridi inapopenyea

Saa tatu asubuhi mi niko kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, na bakuli la mbaazi na maandazi mawili, shati limeshagandana na mgongo kwa jasho, simu inalia. Kule Minnesota, Marekani, ndo saa sita ya usiku. "Shikamoo mjomba, maji hayatoki." Marahaba, yamegandia wapi? "Sijui mjomba, huko chini." Kuanzia Desemba mpaka Machi salamu zangu ndo hizo. Nilikaa kule miaka tisa, minne nikiishi kwenye trela mwenyewe na iliyobaki nikitambaa chini ya matrela ya watu kwa malipo, kwahiyo wapwa, mashemeji na watoto wa majirani wote wakipigwa baridi wananikumbuka mimi. Nimechoka kurudia voisi noti zilezile, ngoja niandike mara moja kila mtu asome dalili yake.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjaliona, trela ni nyumba ndefu nyembamba ya mbao, imetengenezwa kiwandani juu ya chesisi ya chuma, ikafika ilipo kwa matairi yake halafu ikapangwa juu ya matofali. Chini yake ni uwazi, mtu anaweza kutambaa. Ukianzia juu kuna zulia, chini ya zulia chipubodi, chini ya chipubodi boriti za mbao, katikati ya boriti kuna sufi ya glasi, mabomba ya maji na dakti ya bati inayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye fanesi, yaani tanuri la kupashia nyumba joto. Vyote hivyo vimebebwa na turubai jeusi lililopigiliwa kwa chini, ndo tunaliita tumbo. Kuzunguka nyumba nje kuna sketi, mara nyingi ya plastiki, inaziba ule uwazi.

Sasa kosa la wengi ni hili, miguu ikipata baridi mtu anakimbilia dukani kununua sufi. Subiri kwanza. We panda bodaboda kutoka Mombo kwenda Lushoto mwezi wa saba, vaa sweta zito la sufi bila koti, ukifika Soni utaniambia lile sweta limekusaidia nini. Upepo unapita kwenye matundu yake unaondoka na joto lote. Sufi ya glasi ni sweta, haizuii upepo hata kidogo, inachofanya ni kushika hewa iliyotulia, na hewa isipotulia hamna kitu. Ikilowa ndo kabisa. Kwahiyo adui wa kwanza ni upepo, wa pili maji, na sufi yenyewe ndo unaifikiria mwisho.

Kabla hujaingia chini: zima breka za saketi za huko chini maana kuna nyaya zimeguguniwa na panya, mwambie mtu uko wapi, vaa glovu, miwani na barakoa ya N95, na usiingie chini ya trela lililoinuliwa kwa jeki, hata kama jeki ni mpya, hata kama ni dakika moja. Kuna kitu kingine wengi hawakijui, mle ndani ya trela, kwenye kabati la jikoni au kabati la nguo au karibu na boksi la umeme, kuna karatasi imebandikwa na kiwanda inaonyesha trela limetengenezwa kwa zoni gani ya baridi. Minnesota na North Dakota ni zoni ya 3. Ukikuta lako ni la zoni ya 1, yaani lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Texas huko halafu likaburutwa mpaka kwenye theluji, basi ujue kazi yako ni kubwa kuliko ya jirani. Na kama ni la kabla ya Juni 15, 1976, kanuni ya HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu yao, ilikuwa haijaanza, humo utakuta chochote.

"Sakafu nzima ya baridi na fanesi inanguruma usiku kucha"

Hapa tafuta upepo. Usitumie mkono, mkono ukishakufa ganzi hausikii kitu. Chukua udi, ule ule wa kufukizia, washa, kisha washa na feni ya bafuni inayotoa hewa nje ili nyumba ivute. Pita polepole na ule moshi: chini ya sinki pale mabomba yanapotokea sakafuni, nyuma ya mashine ya kufulia, pembeni ya choo, kwenye kona ambako ukuta unakutana na sakafu, kabati la fanesi. Moshi ukipanda wima sawa. Ukiona umelala au umesukumwa kama kuna mtu anapuliza, hapo ndo mlango wa baridi. Mara ya kwanza nilivyofanya hivi kwenye trela langu, chini ya sinki la jikoni moshi ulikatika kabisa nikadhani udi umezimika, kumbe fundi aliyepita zamani alitoboa tundu la kuingia ngumi ili apitishe bomba la kidole gumba, na mi nimelipia gesi ya tundu hilo misimu miwili. Ziba kwa povu la kopo, tundu kubwa weka kwanza kipande cha ubao au bati halafu povu pembeni.

Ukimaliza ndani ndo uende chini na tochi uangalie tumbo. Utakuta machaniko, na sufi inaning'inia kama ndevu. Wanaojua vyombo vya baharini vya Kigombe watanielewa, fundi hapaki deheni juu ya ufa, anatia kalafati kwenye maungio kwanza ndo anapaka. Huku nako ni hivyo hivyo. Toa sufi yote iliyolowa au iliyokojolewa na panya, acha pakauke, weka mpya iguse sakafu kwa juu bila kuacha uwazi, maana ikiachia hata inchi moja baridi inatembea juu yake kama korido. Na usiisindilie! Watu wanasindilia kama wanajaza godoro wakidhani ndo joto, kumbe ile hewa ya katikati ndo joto lenyewe. Sufi ya inchi 3 na nusu ni R-11 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisitoke, ikiwa kubwa ndo bora), ya inchi 6 na robo ni R-19, na boriti nyingi za trela zina kina cha inchi 5 na nusu, hesabu mwenyewe ipi inaingia bila kubanwa.

Halafu kiraka. Kata turubai la tumbo lizidi tundu kwa kama inchi 6 kila upande, safisha lile la zamani kwa kitambaa, paka gundi ya kubandikia kuzunguka, bandika, kisha piga stepla zile ambazo miguu inafungukia nje, zinashika turubai kwa turubai bila kuhitaji mbao nyuma. Tepu maalum ya tumbo ipo, ni nzuri, ila kwenye baridi kali haishiki, utaibandika saa nne asubuhi saa kumi imeshadondoka. Ndo maana hii ni kazi ya Septemba na we unanipigia Januari.

Sketi nayo isisahaulike, paneli moja ikitoka inatosha kuharibu kila kitu ulichofanya. Theluji ikijikusanya kwenye sketi iache, theluji ni blanketi zuri tu, ila usiiache izibe bomba la moshi la fanesi wala sehemu inapovutia hewa. Marobota ya nyasi kavu wazee wa kule walikuwa wanazungushia, mi siyapendi, unawajengea panya hoteli na moto ukitokea hamponi.

"Baridi ipo sehemu moja tu, mara nyingi bafuni"

Hii nafupisha. Kuna fundi bomba alikata tumbo kurekebisha kitu, akamaliza, akachukua hela yake, akaondoka bila kuziba. Tambaa mpaka chini ya sehemu hiyo, utaona alama ya kisu imenyooka kabisa, panya hachani hivyo. Ziba kama nilivyosema juu.

"Mjomba, bomba limeganda"

Haya sasa, hapa pana mambo. Kwanza ya kufanya sasa hivi: fungua koki iliyoganda, anza kuyeyusha kutoka upande wa koki kuelekea ndani, tumia draya ya nywele au taulo la maji moto. Usitumie moto wa gesi, kule kila msimu kuna trela linaungua kwa sababu ya mtu kuyeyusha bomba. Na usiingize jiko la mkaa ndani, hewa yake ya sumu haionekani na inaua watu wamelala. Ujue pia koki kuu ya kufungia maji iko wapi, kwasababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba linapasuka likiwa kimya, we unalijua siku linapoyeyuka. Kama mabomba yako ni ya plastiki ya kijivu, yale yaliyowekwa kwenye nyumba nyingi kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya 1990, andaa kabisa hela ya kuyabadilisha, hayo yana sifa mbaya hata bila barafu.

Ukishayeyusha, uliza kwanini. Swali langu la kwanza kwa kila mtu ni hili: umenunua hita ndogo ya umeme? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Mpwa wangu mmoja alibanwa na bei ya gesi, akaweka hita mbili za umeme, moja sebuleni moja chumbani, ndani pakawa pa moto tena raha, fanesi ikaona nyumba ina joto ikazima. Usiku wa tatu mabomba yote ya chini yakaganda. Alikasirika, anasema mjomba mbona ndani tumevaa kanga tu? Ndo shida yenyewe! Fanesi ikiwaka hewa ya moto inapita kwenye dakti mle tumboni, na dakti ndo inayopasha mabomba. Ukiizima, juu mnakaa kama ufukweni Raskazone, tumboni ni Januari ya kweli. Usiku wa baridi kali iache fanesi ifanye kazi, na usishushe themostati sana mkienda kulala.

Sababu ya pili ni bomba lilivyolala. Sheria ni moja, bomba lilale juu ya blanketi, sio chini ya blanketi. Likianguka chini ya sufi, sufi inalitenga na joto la nyumba badala ya kulitenga na baridi ya nje, yaani umelifungia friji mwenyewe. Linyanyue, lifunge kwenye boriti, sufi ipite chini yake.

Sababu ya tatu ni pale maji yanapotoka ardhini kupanda kwenye nyumba. Kipande kile kinazungushiwa waya wa joto, na ukikuta kimeganda angalia kwanza soketi, zile zenye kitufe cha kujizima zinaruka zikipata unyevu na hakuna anayejua mpaka siku ya kilio. Wengine waya upo, umechomekwa, taa yake haiwaki, umekufa. Nunua ule unaojirekebisha wenyewe na ulioandikwa kuwa unafaa kwa matrela, usiupitishe juu yake wenyewe kama haujaandikwa unaruhusu, na uliochakaa usiufunge tepu, utupe. Waya wa zamani ndo chanzo cha moto mwingi huko chini.

Ya nne inawashangaza watu: umeziba dakti vizuri, ukaringa, bomba likaganda wiki hiyohiyo. Kabla ya hapo dakti ilikuwa inavuja, ule uvujaji ndo ulikuwa unayapasha mabomba. Sisemi uache kuziba, ziba, ila ziba na tumbo na uweke sufi siku hiyohiyo.

Na kuhusu kuacha koki idondoke usiku, sawa, lakini isiwe tone tone. Bomba la maji machafu linaning'inia nje ya tumbo, tone likifika mle linaganda, lingine juu yake, asubuhi una fimbo ya barafu ndani na choo hakishuki. Acha uzi mwembamba wa maji unaokimbia, na hakikisha bomba hilo lina mteremko na halijapinda katikati likatunza maji.

"Tumbo limevimba" au "sakafu inabonyea"

Tumbo likining'inia kama mfuko wa maji, ni mfuko wa maji. Bomba linavuja juu na turubai linashika. Sufi yote ya hapo imeshakuwa tambara bovu. Mara yangu ya kwanza nililala chali chini yake, nikatoa kisu, nikachana katikati kabisa, na yote yakanishukia usoni, maji ya baridi, vipande vya sufi na panya mmoja aliyekufa zamani. Nje ilikuwa chini ya sifuri. Nilifika mlangoni nguo zimekakamaa. Kwahiyo we kaa pembeni, weka ndoo, toboa tundu dogo kama la bisibisi sehemu ya chini kabisa, yatoke taratibu. Usizibe chochote mpaka uvujaji umetengenezwa na mbao zimekauka.

Sakafu inayobonyea karibu na choo au mashine ya kufulia ni chipubodi iliyokunywa maji. Ikishavimba hairudi, kata mpaka kwenye boriti uweke plaiwudi. Kuna watu wanatandika zulia juu. Haya.

"Bili haishikiki, na theluji kandokando ya nyumba imeyeyuka"

Mtaa mzima mweupe, kwako kuna mstari wa majani mabichi kwenye sketi. Unapasha ardhi ya Marekani. Dakti imepasuka, na kama trela lako ni la nusu mbili zilizounganishwa, angalia kwanza lile bomba kubwa linalopitisha hewa ya moto kutoka nusu moja kwenda nyingine kwa chini, mara nyingi limechomoka au mbwa amelitafuna, linapuliza nje kama pangaboi. Toa mifuniko ya sakafuni, ingiza simu na tochi upige video ndani ya dakti, utaona matundu, wanasesere wa watoto na sarafu. Ziba kwa gamu ya dakti ya kupaka kwa brashi au tepu ya foili. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu inayouzwa kila mahali kwa jina la dakti tepu inakauka inabanduka, sijui nani aliipa sifa ya dakti.

"Harufu ya panya"

Panya anapita tundu la milimita 6 tu. Ziba na stilwaya ya kusugulia masufuria halafu povu juu. Kinyesi usifagie kikavu, kule kuna panya wa porini wanaobeba virusi vya hanta vinavyoingia kwa vumbi, nyunyizia maji ya jiki kwanza, subiri, futa.

"Madirisha yanatoka jasho, chini kunanuka ukungu"

Sisi watu wa pwani unyevu tumezaliwa nao tunaona kawaida, kule unaozesha nyumba. Tandaza nailoni nzito juu ya udongo wote chini ya trela, ya unene wa mil 6 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi, sio milimita), ipandane futi moja kwenye maungio. Ardhi inatoa mvuke hata kama juu inaonekana kavu. Kisha angalia bomba la mashine ya kukaushia nguo linaishia wapi, likiishia chini ya trela ndo mchawi wenyewe, kila mzigo wa nguo unamwaga maji mle, litoe mpaka nje ya sketi. Matundu ya hewa ya sketi, kama nailoni ipo na chini pakavu mi nayafunga kwenye baridi kali na kuyafungua theluji ikiisha. Na tumbo usilizibe kwa nailoni ya kawaida, turubai lake limetengenezwa lipumue kidogo, mvuke wa ndani ukikosa pa kutokea unageuka maji kwenye sufi.

"Milango imeanza kugoma Januari"

Sio uchawi wala sio mbao. Ardhi ikiganda inavimba na kunyanyua matofali, Minnesota kusini msingi unatakiwa ushuke inchi 42, kaskazini inchi 60, na matrela mengi ya zamani yamekaa juu juu tu. Nyumba ikijipinda, viraka vinaachia na dakti zinachomoka. Usawazishaji unafanywa ardhi ikishayeyuka, na hiyo waachie wenye leseni na jeki zao.

Wengi wananiuliza kuhusu povu la kupuliza tumbo zima, kwamba ndo suluhisho la kisasa. Kwa trela mi sishauri. Linashika joto kweli, ila siku bomba likipasuka mle ndani utakuwa unachimba kama unatafuta rubi, na fundi anakudai kwa saa. Bora sufi ya kupuliza kwa mashine mle tumboni, na kabla hujatoa dola yako uliza ofisi ya jimbo lako kuhusu Weatherization Assistance Program, ni mpango wa serikali yao toka 1976, wenye kipato kidogo wanafanyiwa bure, matrela yamo, na hata mpangaji anaweza kuomba ila mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi. Omba kiangazi, foleni ni ndefu.

Mwingine, wa Fargo kule North Dakota, ameshatuma picha, naona tumbo lake limening'inia upande wa bafu na yeye ameshika kisu amelala chali chini yake anacheka. Ngoja nimpigie haraka.